Orodha ya Silaha Isiwe Kitanzi cha Mtu Mwaminifu

Kila mara Serikali inapotangaza uhakiki wa silaha, au inapotoa msamaha kwa wale walionazo bila kibali, swali moja huzuka Kanazi na katika vijiji vyote vya Bukoba na Muleba. Mwenye bunduki humwuliza jirani yake: Je, hii niliyo nayo leo kwa leseni, kesho itakuwa halali? Ikiondolewa katika orodha ya silaha zinazoruhusiwa, nitalipwa nini? Na ngedere wakiingia kibanjani baada ya hapo, nani atawafukuza?

Maswali hayo si ya wahalifu, maana mhalifu haulizi habari za leseni. Wanaouliza ni wakulima wa migomba na mibuni, wafugaji wanaolisha rweyani, na wafanyabiashara ambao msimu wa kahawa huwalazimu kukaa na fedha nyingi kwa siku chache. Watu hao walifuata njia iliyowekwa. Walipeleka maombi yao kijijini na katani, yakapita wilayani na polisi, wakangoja, wakalipa ada, wakapewa kitabu. Mtu aliyeitii sheria kwa namna hiyo anastahili kujibiwa kwa adabu, tena kwa ukweli.

Jibu letu tunaliweka wazi tangu mwanzo. Serikali ina haki, tena ina wajibu, wa kupanga ni silaha za namna gani raia waruhusiwe kuwa nazo. Katiba yetu haina ibara inayompa kila mtu haki ya kubeba bunduki, wala hatuoni kuwa yafaa iwe nayo. Lakini haki hiyo ya Serikali ina masharti yake. Orodha sharti ijulikane na kila mtu, iandikwe kwa lugha ya watu, isimnyang'anye mtu mali yake bure, wala isimwache mkulima mikono mitupu mbele ya mnyama mharibifu. Orodha isiyotimiza masharti hayo itawabana wema peke yao, na wabaya wataicheka.

Tuanze na sheria ilivyo. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka huo, nayo ikachukua mahali pa sheria ya mwaka 1991. Mwaka uliofuata, 2016, wenye silaha waliagizwa wazipeleke polisi zihakikiwe. Mwaka 2022, na tena mwaka 2023, Serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, ili aliye na silaha bila kibali aisalimishe asishitakiwe. Mwezi wa Septemba haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Umoja wa Afrika uliufanya kuwa mwezi wa msamaha wa silaha kwa bara zima, katika jitihada zake za kunyamazisha bunduki, jitihada ambazo kwanza ziliwekewa kikomo cha mwaka 2020 na baadaye zikaongezewa muda hadi 2030.

Nyuma ya sheria yetu pana mapatano makubwa zaidi. Tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo. Humo zilikubaliana kuwa raia asiruhusiwe kabisa kuwa na silaha za kivita, wala bunduki zinazomimina risasi mfululizo, wala raifoli zinazojipakia risasi zenyewe. Zilikubaliana pia kuwa kila bunduki iwekwe alama na namba, ijulikane ilikotengenezwa na mikono iliyopitia. Kwa hiyo anayedhani kuwa habari ya orodha ni wazo la ofisa mmoja wa Dar es Salaam hana budi kujua kwamba ni ahadi ya nchi nyingi kwa pamoja.

Na sisi wa Kagera tunazijua sababu za ahadi hiyo kuliko wengi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Wengi mno walikuwa wanyonge wasio na kitu ila roho zao. Lakini nchi inapovunjika, silaha zake hutawanyika, nazo haziulizi mpaka uko wapi. Miaka iliyofuata, wasafiri wa njia za Biharamulo, Ngara na Karagwe walizoea kusindikizwa na askari kwa kuwahofu majambazi wa misituni. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani mkoani kwetu, aliwapa wiki mbili wahamiaji wasio na kibali waondoke, na wenye silaha haramu wazitoe. Baada yake ikaja Operesheni Kimbunga. Nani basi katika Kagera atasimama aseme kwamba bunduki ziachwe huru? Hatumwoni.

Lakini mwaka huo huo ulitufundisha somo la pili. Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Nia yake ilikuwa njema, kwani tembo walikuwa wakiteketea. Njia zake zilileta vilio vya mateso, na hata vya vifo, kiasi kwamba ilisimamishwa kabla ya kumaliza kazi. Bunge lilipopokea taarifa mwezi wa Desemba, mawaziri wanne walipoteza nafasi zao, mmoja wao akiwa Balozi Khamis Kagasheki, Waziri wa Maliasili na Utalii, ambaye wakati huo alikuwa pia Mbunge wa Bukoba Mjini. Tangu hapo mwananchi akisikia neno silaha likitajwa pamoja na neno operesheni, moyo wake hupiga. Hofu hiyo haiondoki kwa kukemewa. Huondoka mtu anapoona utaratibu wa haki ukifanya kazi mbele ya macho yake.

Yafaa tukumbuke pia kwamba orodha za silaha si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1890, mwaka ule ule ambao Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, madola ya Ulaya yalikutana Brussels yakatia sahihi mapatano ya kuzuia biashara ya watumwa. Ndani yake waliandika orodha yao: raifoli na silaha bora zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini bunduki za zamani za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida, zingeweza kuruhusiwa. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliachiwa gobore, na mwenye nchi mpya akabaki na raifoli. Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, maana biashara ya watumwa ilikuwa laana. Matokeo yake yalikuwa kwamba wazalendo walipotaka kuitetea ardhi yao walikuta mizani imekwisha kulemea upande mmoja.

Kanazi penyewe ni ushahidi. Hapa palikuwa makao ya Omukama Kahigi wa Kihanja, ambaye kwa urafiki wake na Wajerumani alipata nguvu kuliko watawala wenziwe wa Buhaya. Katika siku zile, aliyekuwa karibu na mwenye bunduki alipanuka, na aliyekuwa mbali alipungua. Upendeleo wa mkubwa ndio uliokuwa sheria. Nasi twasema kwamba tofauti kati ya dola la kikoloni na Jamhuri sharti ionekane hapa hapa: orodha ya leo itungwe kwa sheria inayowahusu wote sawasawa, mkubwa na mdogo, tajiri na maskini, mwenye jamaa ofisini na asiye naye.

Sasa tuyapime malalamiko ya wenye bunduki, moja baada ya jingine.

La kwanza ni kutojua. Sheria ya mwaka 2015 ilitungwa kwa Kiingereza, na mkulima wa Kanazi hakuisoma. Habari za silaha zipi zimekatazwa humfikia kwa redio, kwa uvumi wa sokoni, au kwa mdomo wa askari ambaye huenda naye amesikia kwa mwenziwe. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Basi hakuna udhuru tena. Orodha ibandikwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya kijiji, pamoja na picha za silaha zenyewe, ili hata asiyesoma aone. Haiwezekani kumwadhibu mtu kwa kuivunja amri aliyofichwa.

La pili ni namna ya kuiandika orodha yenyewe. Ziko njia mbili. Nchi nyingine hutaja bunduki kwa majina ya viwanda. Jimbo la California huko Marekani limekuwa na orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa tangu mwaka 2001. Kanada, mwezi wa Mei 2020, ilipiga marufuku aina zipatazo 1,500 kwa majina yake. Njia hiyo ina kasoro inayoonekana na kila mtu: kiwanda hubadili jina na umbo kidogo, na orodha inakuwa imepitwa na wakati, huku mtu mwenye bunduki isiyo na tofauti ya maana na ile iliyoruhusiwa akijikuta mkosaji. Njia ya pili ni kuitazama kazi ya bunduki. Je, yajipakia yenyewe au hupakiwa kwa mkono? Hubeba risasi ngapi kwa mara moja? Yatoa risasi moja kwa kila kuvuta kifyatulio, au humimina kama mvua? Itifaki ya Nairobi ilichagua njia hii ya pili, nasi twaiunga mkono. Kwa kipimo hicho mkulima mwenye bunduki ya marisau ya mtutu mmoja au miwili, anayeijaza kwa mkono wake, anajua kwamba yeye si yule ambaye nchi za Nairobi zilimkusudia. Na mwenye bunduki ya kivita anajua vilevile kwamba hana pa kujificha.

La tatu ni fidia, na hapa ndipo penye uzito wa neno lenyewe. Bunduki iliyonunuliwa kwa leseni ni mali. Pengine iligharimu mavuno ya kahawa ya miaka kadhaa. Ibara ya 24 ya Katiba yetu yasema wazi kwamba mtu asinyang'anywe mali yake ila kwa idhini ya sheria inayoweka masharti ya kumlipa fidia inayostahili. Ikiwa jana Serikali ilimpa mtu leseni ya kununua kitu, na leo kwa faida ya wote yakiondoa kitu hicho katika orodha, basi gharama ya faida hiyo ya wote haiwezi kubebwa na mmoja. Wenzetu wamelifanya jambo hilo. Huko Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur tarehe 28 Aprili 1996, Serikali ilizipiga marufuku bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe, ikazinunua kutoka kwa wenyewe, na zaidi ya bunduki 640,000 zikakusanywa. New Zealand nayo, baada ya waumini 51 kuuawa katika misikiti ya Christchurch Machi 2019, ilitunga sheria na kulipa. Watu walitoa silaha zao kwa wingi kwa sababu walijua kwamba hawaibiwi. Nchi yetu haina utajiri kama wa nchi hizo, hilo twalijua. Lakini silaha za leseni zitakazoguswa hapa ni chache mno kuliko za huko, na ahadi ndogo iliyotimizwa huzaa utii mkubwa.

La nne ni magobore. Bunduki hizi za kushindiliwa baruti na vipande vya chuma kwa mdomoni, nyingi zimefuliwa na mafundi wa vijijini kwa bomba na kipande cha mbao. Hazina namba wala jina la kiwanda. Humo wamo majangili, ndiyo. Lakini wamo pia wazee waliorithi chombo hicho kwa baba zao, ambao hukitumia kuwatisha nyani tu. Gobore hatari yake ya kwanza humpata mwenyewe, maana bomba dhaifu hupasuka usoni. Sisi hatuwezi kulitetea kama silaha. Tunachoomba ni mlango ulio wazi kwa mwaka mzima, si kwa miezi miwili tu: mtu alilete, aandikwe, asikamatwe, na kama anastahili asaidiwe kuomba leseni ya bunduki iliyo salama. Tena mafundi hao wasiachwe hivi hivi. Mkono unaojua kufua mtutu unaweza kufua jembe na kutengeneza mashine ya kukoboa kahawa, na wilaya inayoomba mafundi kila siku isiwatupe gerezani watu wenye ujuzi kabla ya kuwapa njia nyingine.

Yapo makundi mawili yatakayotupinga, nayo yanastahili kujibiwa.

Kundi la kwanza lasema: Jambazi hatasalimisha yake, basi kwa nini mnatuhesabu sisi? Hoja hii inavutia, lakini haisimami. Bunduki ya leo ya jambazi huenda jana ilikuwa bunduki ya mtu mwaminifu, iliyoibwa juu ya kabati au iliyoazimwa na shemeji asiyeirudisha. Silaha iliyoandikwa hufuatika; isiyoandikwa hupotea kama jiwe lililotupwa ziwani. Ng'ambo ya Mutukula, Rais Museveni aliagiza kila bunduki ichukuliwe alama zake, ili ganda la risasi likiokotwa liweze kutaja mtutu lilikotoka. Kenya nayo, Desemba 2018, iliwataka raia wote wenye leseni wahakikiwe upya kwa muda wa siku 90. Daftari ni ngao ya mwenye silaha mwenyewe: bunduki yake ikiibiwa na kutumiwa vibaya, daftari na taarifa aliyoitoa mapema ndivyo vitakavyomtoa mikononi mwa mashaka.

Kundi la pili lasema: Ondoeni bunduki zote kwa raia, yatosha kuwa na polisi. Wasemao hivyo aghalabu hukaa mjini, mahali ambapo chakula hupatikana sokoni. Hawajapata kuona shamba la mahindi baada ya nguruwe mwitu kupita usiku mmoja, wala ndizi zilizobaki baada ya kundi la nyani. Serikali yenyewe imekiri uzito wa jambo hili, kwa kuwa hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Lakini majina yenyewe yasema kweli: jasho hufutwa tu, hasara hailipwi yote. Ikiwa Serikali yataka kuichukua bunduki ya mkulima, basi na ichukue pamoja nayo kazi ambayo bunduki hiyo ilikuwa ikiifanya. Askari wa wanyamapori awe karibu, aitwe aje, tena aje siku hiyo hiyo. Pasipo hayo, kumnyang'anya mkulima bunduki ni kumwambia alime kwa ajili ya ngedere.

Baada ya kuidai Serikali, haki yatutaka tuwadai na wenye silaha. Leseni hupewa mtu, haipewi ukoo. Kibanja hurithiwa, bunduki hairithiwi hivyo. Mwenyewe akifariki, jamaa waipeleke polisi, na anayeitaka aombe kwa jina lake. Bunduki ifungiwe, na risasi zikae mbali nayo. Isiazimwe, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Isipelekwe penye pombe, wala isionyeshwe penye ugomvi wa mipaka ya shamba au wa mume na mke, kwa maana hasira ya nusu saa imekwisha kujaza makaburi mengi. Ikipotea, itolewe taarifa siku ile ile, si baada ya mwezi. Mwenye bunduki asiyeyashika hayo ndiye anayewapa hoja wale wanaotaka zote ziondolewe.

Nao askari wetu twawakumbusha kwa heshima. Mtu anayekuja kituoni kwa hiari yake, bunduki mkononi na kitabu mfukoni, amekuja kuisaidia kazi yao. Asizungushwe njoo leo njoo kesho, wala asihojiwe kama mwizi mbele ya watu. Akipokewa vizuri, habari zitafika kijijini kabla yake, na kesho watakuja watatu. Akidhalilishwa, gobore lililokuwa njiani kuletwa litarudi darini, na hakuna operesheni itakayolitoa humo pasipo machozi.

Kwa hiyo twasema kwa Wabunge wa mkoa huu, kwa madiwani, na kwa kamati za ulinzi na usalama: lisemeni jambo hili katika mikutano ya vijiji kabla amri nyingine haijatoka. Waulizeni watu wana silaha za namna gani na wanazitumia kwa kazi gani. Pelekeni majibu hayo wizarani, ili orodha itakapopitiwa ipitiwe na watu wanaoijua Kanazi, si ramani yake tu. Na mwananchi mwenye bunduki asingoje kusukumwa. Atwae kitabu chake leo, atazame tarehe ya leseni yake, na kama imepita, aende kituoni asubuhi.